Kimo cha Chupa na Wembamba wa Kanula: Mvutano na Msuguano katika Mrija wa Dripu

Katika vijiji vingi vya Muleba na Bukoba Vijijini, maji ya bomba hayasukumwi na mashine yoyote. Chemchemi hukingwa mlimani, maji huingizwa kwenye bomba, nayo hushuka yenyewe hadi kwenye vituo vya kuchotea vilivyo bondeni. Wataalamu wa maji huuita mfumo huu mserereko. Mjini Bukoba mambo huanza kinyume: maji huvutwa kutoka Ziwa Victoria, lililo takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, kisha hupandishwa kwa pampu hadi kwenye matangi yaliyojengwa mahali pa juu. Lakini kutoka tangini kwenda majumbani, kazi ni ileile ya mserereko.

Uko mserereko mwingine ambao wengi wetu huupita kila siku bila kuutazama kwa jicho hilo. Ni ule wa chupa ya dripu iliyotundikwa kwenye stendi, au kwenye ndoano ya chandarua pale stendi zinapopungua, na mrija unaoshuka wima hadi mkononi mwa mgonjwa. Katika hospitali nyingi za mkoa wa Kagera, kama zilivyo hospitali nyingi nchini, pampu za umeme za kupimia dripu ni chache, na mahali pengi hazipo kabisa. Kinachosukuma maji, dawa na damu kuingia mwilini ni mvutano wa dunia, na kinachoyazuia ni msuguano. Muuguzi hupangilia mambo hayo mawili kwa mkono wake.

Nitawaweka mbele ya msomaji wagonjwa wawili. Wa kwanza ni mvuvi mtu mzima aliyeletwa kutoka kwenye mwalo akiwa na kipindupindu, macho yamedidimia, mapigo ya mkono hayashikiki. Wa pili ni mtoto wa kilo 10 mwenye malaria kali, viganja vyeupe, anayehitaji kuongezewa damu. Wote wawili watatundikiwa mrija unaofanana. Wa kwanza anaweza kufa kwa sababu mrija ni mzito kupitisha. Wa pili anaweza kufa kwa sababu umepitisha upesi mno. Anayeelewa kwa nini iwe hivyo ataweza kuwahudumia wote wawili kwa vifaa vilivyopo.

Kimiminika kilichotulia

Tuanze na bomba lililojaa maji ambayo hayatembei. Shinikizo lililo ndani yake, mahali popote, hutegemea uzito wa kimiminika chenyewe kwa ujazo wake, nguvu ya mvutano wa dunia, na kina kutoka uso wa juu hadi mahali hapo. Upana wa bomba haumo katika hesabu hii. Mrija mwembamba kama bua na pipa pana, vikiwa na maji ya kimo kimoja, vina shinikizo lilelile chini. Wanafunzi wangu wengi hukariri kauli hii bila kuiamini, na siwalaumu, kwa kuwa jicho humwambia mtu kwamba palipo na maji mengi ndipo penye nguvu nyingi.

Kila mita 1 ya maji yaliyosimama wima hutoa shinikizo la takriban kilopaskali 9.8. Kwa kipimo tulichokizoea kliniki, hiyo ni kama milimita 74 za zebaki. Kwa hiyo tangi lililo mita 100 juu ya bomba la kijijini huleta shinikizo la karibu kilopaskali 980 usiku wa manane, mabomba yote yakiwa yamefungwa. Ndiyo sababu wajenzi wa miradi ya mserereko huweka matangi ya kupunguza shinikizo katikati ya mteremko. Bila hayo, mabomba ya chini hupasuka.

Uhusiano huu wa kimo na shinikizo ndio ulioanzisha upimaji wa presha. Kasisi mmoja wa Kiingereza, Stephen Hales, katika kitabu alichokichapisha mwaka 1733, alieleza jinsi alivyoingiza mrija kwenye mshipa mkubwa wa damu wa farasi na kuusimamisha wima mrija mrefu wa kioo. Damu ilipanda zaidi ya futi 8, yaani karibu mita 2 na nusu, ikasimama hapo huku ikipwita kwa kila pigo la moyo. Kimo cha damu ile kilikuwa ndicho kipimo cha nguvu ya moyo. Zebaki ilikuja baadaye kwa sababu ni nzito mara 13.6 kuliko maji, hivyo safu yake ni fupi na chombo hutosha mezani.

Hapa pana jambo linalowahusu moja kwa moja wenye tatizo la shinikizo la damu. Mwili wako nao una mabomba yaliyosimama wima. Mkono ukipimwa ukiwa chini ya usawa wa moyo, uzito wa damu iliyo kati ya moyo na mkanda wa mashine huongezwa kwenye kipimo. Kila sentimita 10 za tofauti huongeza milimita 8 hivi. Mtu mwenye 136 kwa 86, akipimwa huku mkono unaning'inia pembeni mwa kiti, anaweza kusomeka 144 kwa 94. Mstari wa 140 kwa 90 umekwisha kuvukwa, na huenda akaanzishiwa dawa za maisha yake yote kwa sababu ya meza iliyokosekana. Mgonjwa ana haki ya kuomba mkono wake uwekwe juu ya meza au mto, mkanda ukiwa usawa wa moyo, na muuguzi mzuri hataudhika kwa ombi hilo.

Kuhusu mwinuko wa Bukoba, huulizwa mara kwa mara kama dripu huenda polepole zaidi huku kuliko Dar es Salaam, kwa kuwa hewa ya huku ni nyepesi. Ni kweli kwamba shinikizo la hewa kando ya ziwa ni takriban kilopaskali 88, ilhali pwani ni 101. Lakini hewa hiyohiyo inayosukuma chupa ndiyo inayousukuma pia mwili wa mgonjwa. Pande mbili hufutana, na tofauti inayobaki ni ya kimo peke yake.

Kimiminika kinachotembea

Mara bomba linapofunguliwa, mambo hubadilika. Kila anayeishi mwisho wa mradi wa mserereko anaijua alfajiri: majirani wote wa chini wamefungua, na bomba lake linatoa uzi mwembamba wa maji au linapumua hewa tu. Tangi halijashuka, mlima haujapungua. Kilichotokea ni kwamba maji yakitembea husuguana na kuta za bomba na kusuguana yenyewe kwa yenyewe, tabaka kwa tabaka, na sehemu ya shinikizo lililoletwa na kimo hutumika kushinda msuguano huo. Kadiri yanavyopita mengi, ndivyo shinikizo linavyoliwa zaidi njiani. Usiku, watu wakifunga, msuguano hutoweka na shinikizo lote hurudi.

Aliyeipima sheria ya msuguano huu katika mirija myembamba alikuwa mganga, si fundi wa maji. Jean Léonard Marie Poiseuille, daktari Mfaransa aliyeishi kati ya 1797 na 1869, alitaka kujua damu inavyopita kwenye mishipa midogo kabisa, akafanya majaribio ya miaka mingi kwa kutumia mirija ya kioo. Mhandisi Mjerumani Gotthilf Hagen alifikia matokeo kama hayo mwaka 1839 kwa njia yake mwenyewe, na ndiyo maana kanuni hiyo hubeba majina yao wote wawili. Inasema kwamba, mtiririko ukiwa mtulivu, kiasi kinachopita kwa dakika huongezeka kulingana na tofauti ya shinikizo kati ya ncha mbili za mrija, na hupungua kulingana na urefu wa mrija na mnato wa kimiminika. Mambo hayo matatu hufuatana kwa uwiano wa kawaida: ukiongeza urefu mara mbili, kinachopita kinakuwa nusu.

Jambo la nne halifuati uwiano huo, nalo ndilo kiini cha somo hili. Nusu kipenyo cha mrija huingia katika hesabu kikiwa kimezidishwa kwa chenyewe mara nne. Mrija wenye upana mara mbili haupitishi mara mbili, wala mara nne, bali mara 16. Na mrija uliopungua upana kwa sehemu moja tu ya kumi, kwa damu iliyoganda ukutani au kwa plasta iliyobana, hupoteza karibu theluthi moja ya mtiririko wake.

Sasa tuutazame mrija wa dripu kwa macho ya kanuni hiyo. Tuseme uso wa maji kwenye chupa uko sentimita 80 juu ya mkono. Kimo hicho huleta milimita 59 za zebaki. Mshipa wa mkono wa mgonjwa aliyelala una shinikizo lake, tuseme milimita 10, linalosukuma kinyume. Zinazobaki ni 49 hivi za kupambana na msuguano. Ukiinua stendi kwa sentimita 20, zinakuwa 64 hivi. Umeongeza mtiririko kwa karibu theluthi moja. Si haba, lakini si muujiza.

Msuguano wenyewe uko wapi? Si kwenye mrija mrefu unaoonekana. Mrija wa mita 1 na nusu wenye uwazi wa milimita 3 hula shinikizo dogo tu. Kanula ya sentimita 3, ambayo uwazi wake haufiki milimita 1, hula mara kadhaa zaidi ya mrija huo wote. Na kigurudumu cha kubania mrija, kikibanwa nusu, hula kuliko vyote viwili, kwa kuwa kazi yake ndiyo hiyo: kutengeneza msuguano kwa makusudi.

Mvuvi wa mwaloni

Mgonjwa wetu wa kwanza ana kilo 50 na upungufu mkali wa maji mwilini. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa mgonjwa wa namna hii, aliyetimiza mwaka 1 na kuendelea, ni mililita 100 za Ringa lakteti kwa kila kilo: 30 za kwanza ndani ya nusu saa, na 70 zinazobaki ndani ya saa 2 na nusu. Kwake yeye, hiyo ni mililita 1,500 ndani ya dakika 30, yaani 50 kila dakika. Kwa seti ya matone 20 kwa mililita, ni matone 1,000 kwa dakika. Hakuna anayeweza kuyahesabu. Kinachotakiwa ndani ya chemba ni mkondo.

Watengenezaji huandika kwenye pakiti za kanula kiasi kinachoweza kupita kwa dakika. Hutofautiana kidogo kati ya kiwanda na kiwanda, lakini kwa wastani kanula ya manjano, geji 24, hupitisha mililita 20 hivi; ya buluu, geji 22, takriban 36; ya waridi, geji 20, kama 60; ya kijani, geji 18, karibu 90 au zaidi; ya kijivu, geji 16, hukaribia 180. Kumbuka kwamba namba ya geji ikipanda, uwazi hupungua. Kumbuka pia kwamba vipimo hivyo vilipatikana kwa maji safi yakisukumwa kwa kilopaskali 10, sawa na kimo cha mita 1, yakimwagika hewani bila mshipa wowote mbele yake. Wodini tunapata pungufu.

Kwa hiyo kanula ya buluu haiwezi kumpa mvuvi huyu mililita 50 kwa dakika hata chupa ikitundikwa darini. Ya waridi inakaribia kwenye karatasi, inashindwa kitandani. Ya kijani, au mbili za kijani mikono yote miwili, ndiyo jibu. Nimeona zaidi ya mara moja stendi ikiinuliwa, kigurudumu kikiachiwa hadi mwisho, chupa ikikamuliwa kwa mikono, na wote wanaozunguka kitanda wakiitazama chemba, ilhali kizuizi ni kile kipande cha buluu kilichokwama chini ya plasta. Ni kweli kwamba mishipa ya mgonjwa aliyekauka imenywea, na kanula nyembamba ndiyo iliyokubali kuingia. Basi ianze hiyo, na mara mishipa inapojaa kidogo, atafutwe mahali pa kuweka ya kijani. Kituo cha afya kilicho karibu na mialo kinachoagiza kanula za buluu na manjano peke yake kimekwisha kuamua kasi ya tiba kabla mgonjwa hajafika. Kwa maoni yangu, jambo hilo ni la kuzungumzwa na mfamasia wakati wa kuagiza vifaa, kabla ya msimu wa mlipuko.

Mtoto wa malaria

Turudi kwa mtoto wa kilo 10. Muleba inajulikana kwa milipuko ya malaria, na upungufu mkubwa wa damu kwa watoto ni miongoni mwa sababu kuu za kulazwa. Kwa mwongozo uliozoeleka, mtoto huyu atapewa damu kamili mililita 20 kwa kila kilo, yaani 200, ndani ya saa 3 hadi 4. Tukichukua saa 4, ni mililita 50 kwa saa. Haifiki hata mililita 1 kwa dakika.

Kanula yake ni ya manjano, nyembamba kuliko zote tulizozitaja. Je, inatosha? Damu ina mnato mara 3 hadi 4 ya maji, kwa hiyo kanula inayopitisha maji mililita 20 kwa dakika itapitisha damu kama mililita 5. Inatosha na kuzidi. Hapo ndipo hatari ilipo: kigurudumu kikiachiwa wazi, zile mililita 200 zote zinaweza kuingia ndani ya dakika 40. Moyo wa mtoto mwenye upungufu mkubwa wa damu tayari unakimbia kufidia; ukimwagiwa mzigo huo kwa mara moja unaweza kushindwa, na mapafu yakajaa maji. Mama ataona mtoto anahema kwa nguvu zaidi ya alivyokuja, na atadhani ni malaria inayozidi.

Kwa mvuvi msuguano ulikuwa adui. Kwa mtoto huyu ndio ulinzi wake, na haupatikani kutoka kwenye kanula. Unapaswa kuwekwa na mtu. Kwa seti ya matone 20, mililita 50 kwa saa ni matone 17 kwa dakika. Lakini seti nyingi za damu zina matone 15 kwa mililita, hivyo soma pakiti kabla ya kuhesabu. Bureti ikipatikana, jaza kiasi cha saa moja tu. Isipopatikana, bandika utepe wa plasta kwenye mfuko na uchore mstari wa kila saa. Na hata hivyo rudi uhesabu. Mfuko ukiendelea kuisha, uso wa damu hushuka na kimo hupungua, matone yakapungua yenyewe. Mama akimpakata mtoto akaketi, mkono hupanda na kimo hupungua tena. Akimlaza, kimo hurudi. Kigurudumu chenyewe hulegea kadiri plastiki inavyochoka kubanwa.

Damu iliyotoka kwenye jokofu ina mnato mkubwa zaidi, na asubuhi za baridi za Kamachumu haziisaidii. Iache ifikie joto la chumba ndani ya muda unaoruhusiwa na taratibu za benki ya damu. Kuitumbukiza kwenye maji ya moto ili iende haraka ni kuziua chembe nyekundu ambazo mtoto amezisubiri.

Kuna ushahidi mzito kutoka Afrika Mashariki kwamba kasi haipaswi kuchukuliwa kuwa huruma. Utafiti uliojulikana kwa jina la FEAST, uliochapishwa mwaka 2011, uliwahusisha watoto 3,141 wa Kenya, Uganda na Tanzania waliokuwa na homa kali na dalili za mzunguko mbaya wa damu. Kwa upande wa Tanzania ulifanyika Muheza. Watoto wa kuharisha na wenye utapiamlo mkali hawakuhusishwa. Baadhi walipewa dripu ya haraka, ama ya chumvi au ya albumini, na wengine hawakupewa dripu hiyo ya haraka. Baada ya saa 48, waliofariki katika makundi mawili ya dripu ya haraka walikuwa asilimia 10.5 na 10.6, katika kundi lisilopewa walikuwa asilimia 7.3. Watafiti wengi walitarajia kinyume chake. Yule mvuvi wa kipindupindu hayumo katika hesabu hiyo, kwa kuwa yeye amepoteza maji halisi na lazima yarudishwe upesi. Lakini mtoto mwenye homa na damu pungufu yumo, na wapo wengi kama yeye katika wodi za Ndolage, Rubya, Kagondo na Bukoba mjini.

Dripu inapogoma

Fundi wa maji akiambiwa kwamba kijiji hakipati maji, haanzi kwa kuchimba bomba la kijijini. Hupanda hadi kwenye chanzo, kisha hushuka akikagua njia. Nasi tufanye hivyo.

Juu kabisa ni chupa. Mfuko laini hujikunja kadiri unavyoisha, kwa hiyo hauhitaji tundu la hewa. Chupa ngumu haijikunji. Maji yakitoka bila hewa kuingia, utupu hujengeka juu yake na hufuta faida yote ya kimo. Mtu anaweza kuipandisha hadi kwenye kenchi na tone lisianguke. Tumia seti yenye tundu la hewa lenye chujio, na ulifungue kifuniko chake. Kuitoboa chupa kwa sindano ni njia ya haraka ya kufungulia hewa, na pia njia ya haraka ya kuingiza vijidudu. Chini yake ni chemba: ijae nusu. Ikijaa kabisa huwezi kuhesabu, ikiwa tupu hewa huingia mrijani. Kama ni damu, tazama chujio lisizibwe na mabonge. Kisha kigurudumu. Kisha mrija wenyewe, ambao mara nyingi umelaliwa na mgonjwa au umekunjwa kwenye chuma cha kitanda. Viungio na mirija ya nyongeza iliyopachikwa kwa sababu ambayo hakuna anayeikumbuka huongeza urefu na msuguano; iondolewe. Mwisho ni kanula na mshipa: kiwiko kilichokunjwa, plasta iliyobana mno, mkanda wa presha uliosahauliwa mkononi, au uvimbe unaoonesha kwamba maji yanaingia kwenye nyama. Uvimbe ukiwepo, hakuna kuinua stendi wala kukamua. Kanula itolewe.

Njiani na majini

Wilaya ya Muleba ina visiwa vinavyokaliwa, vikiwamo Bumbire na Goziba, na mgonjwa wa huko hufika nchi kavu kwa chombo cha majini. Ndani ya mtumbwi hakuna stendi, na ndugu anayeshika chupa huchoka. Akiiweka kifuani pa mgonjwa, kimo kinakuwa karibu sifuri. Shinikizo la mshipa la milimita 10 ni sawa na sentimita 14 hivi za maji. Chupa ikishuka chini ya hapo, damu hurudi mrijani, husimama, huganda, na kanula iliyopatikana kwa taabu hupotea. Mgonjwa akifika pwani ya ziwa, kazi inaanza upya kwenye mishipa iliyonywea zaidi.

Kwa mtu mzima anayehitaji maji mengi ipo njia nyingine. Mkanda wa mashine ya presha, ukizungushwa kwenye mfuko laini na kujazwa hadi milimita 100 za zebaki, hufanya kazi ya karibu mita 1 na sentimita 36 za kimo, hata mfuko ukiwa umelala kando ya mgonjwa. Sharti lake ni kwamba hewa yote itolewe kwenye mfuko kabla ya kuanza, kwa sababu mfuko unaokamuliwa ukiisha utasukuma hewa iliyobaki hadi kwenye mshipa. Njia hii haitumiki kwa chupa ngumu, wala kwa watoto. Mkanda hulegea kadiri mfuko unavyoisha, basi ujazwe tena njiani. Kama hakuna atakayekaa karibu na mgonjwa kuangalia, ni afadhali dripu ifungwe, kanula isafishwe na kufunikwa, na mgonjwa anayeweza kumeza apewe maji ya chumvichumvi kwa kikombe hadi wafike.

Kwa mgonjwa na ndugu zake ninayo maombi machache. Kile kigurudumu kimewekwa hesabu. “Daktari waitu, tumeifungua kidogo ili iishe, tuwahi gari la Muleba,” ni maneno ambayo nimeyasikia yakisemwa kwa heshima na tabasamu, na katika chupa nyingi hayaleti madhara. Katika chupa yenye kwinini au potasiamu yanaweza kuua. Ukienda msalani, ibebe chupa juu ya bega lako, si kiunoni. Ukiona wekundu wa damu unapanda mrijani, inua chupa na mwite muuguzi. Ukirudi kitandani, mwambie kwamba ulikuwa umesimama, ili ahesabu matone upya. Yale aliyoyahesabu asubuhi yalikuwa ya mkono uliolala.